Kuanzia Shingoni Kwenda Chini

Swali lilitoka mstari wa mbele, kiti cha tatu, kwa mtoto wa miaka saba ambaye miguu yake ilikuwa inaning'inia bila kugusa sakafu.

"Baba, mbona mama hana kichwa?"

Ukumbi ulikuwa umetulia tuli, wengine leso ziko puani. Kwenye kitambaa cheupe cha mbele mwanamke mwenye fulana ya kijivu alikuwa anapanda ngazi na godoro mgongoni, hatua mbili juu, hatua moja chini, kama anayebeba mtoto aliyelala. Ilionekana miguu, kiuno, mikono, na mgongo uliopinda. Juu ya hapo picha ilikuwa imekatika.

"Shh," baba yake akamnong'oneza. "Filamu za Mama Mkubwa ndivyo zilivyo."

"Sawa, lakini kichwa chake kiko wapi?"

Kuna mtu nyuma alitaka kucheka, akajikuta analia. Mama Mkubwa mwenyewe, dada wa mwanamke huyo, ambaye sasa ni marehemu, na mwenye filamu, alikuwa amesimama pembeni karibu na swichi za taa, amejiandaa kutoa maneno ya shukrani. Taa zilipowashwa alisema "asanteni" mara moja tu, akatokea mlango wa nyuma.

Kazini Mama Mkubwa huyu walimwita Bi Shingo. Jina hilo lilianza kwa wachezaji wake, kichinichini, siku moja akalisikia, akacheka, likaganda. Alikuwa mtunzi wa dansi na mtengeneza filamu, na katika miaka ishirini na moja hakuna filamu yake hata moja iliyoonyesha uso wa mtu. Fremu yake ilianza shingoni kwenda chini. Wanafunzi wa vyuo walikuwa wanaandika makala ndefu kuhusu shingo hiyo, zenye maneno ambayo hata yeye ilibidi ayatafute kwenye kamusi.

Tuseme ukweli, maana porojo zimezidi. Kilichozaa mtindo huo ni stendi mbovu ya kamera. Bi Shingo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka kuumia goti na kuambiwa asahau kucheza jukwaani, akaazima kamera ya mtu na stendi ambayo bomba lake la katikati lilikuwa limekwama. Haikupanda zaidi ya kifua cha mtu mzima. Aliisimamisha kwenye korido ya nyumba ya wazazi wake, akamweka mbele yake mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, ana miaka kumi na saba na sketi ya shule, akamwambia akamue shuka ambalo halipo.

"Kichwa kinakatika," Bi Shingo alilalamika.

"Kwani nacheza kwa kichwa?" Kitinda akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka mama yao akawagombeza kutoka chumbani.

Filamu ilikuwa ya dakika sita, ikaitwa *Kufua*. Ilipoonyeshwa kwenye mashindano ya vijana, mwamuzi mmoja mwenye ndevu alisimama na kuzungumza robo saa nzima juu ya msanii aliyethubutu kumwondolea mtu uso ili mwili useme. Bi Shingo alikuwa amekuja na karatasi mfukoni ya kuomba radhi kwa ajili ya stendi. Aliiacha hukohuko mfukoni. Nani angeitoa? Baada ya tuzo ya tatu alikuwa ameshaamini mwenyewe, na aliponunua stendi mpya inayopanda hadi kwenye dari, bado aliishusha kifuani kila siku. "Uso ndio mwongo," alizoea kusema kwenye mahojiano. "Mwili haujui kudanganya."

Na alikuwa hodari, hilo asinyimwe. Angekaa wiki mbili kwenye wodi ya hospitali, au kwenye ghala la mizigo, na daftari magotini, anaandika namna muuguzi anavyomgeuza mgonjwa, namna mpagazi anavyovuta pumzi kabla ya kuinua. Halafu angekiondoa kitu chenyewe, abaki na mwendo peke yake: kugeuza bila mgonjwa, kuinua bila mzigo. Wachezaji walirudia mpaka viganja vinawaka. Mwisho kabisa ndipo alipokirudisha kitu, na hapo hata kukamua shuka kulikuwa jambo la kukufanya ushike moyo.

Katika filamu zote kumi na nne mchezaji wa mbele alikuwa Kitinda. Kila asubuhi kabla ya kupiga kipande cha kwanza, au shoti kama walivyoita, Kitinda ndiye aliyesimama mbele ya lenzi na kushika karatasi nyeupe usawa wa uso, ili kamera ijue nyeupe ni ipi na rangi zikae sawa. Kamera ikishajua, Bi Shingo aliizima, akaishusha, kazi ikaanza. Na ilikuwepo sheria moja isiyo na mjadala. Shoti yoyote iliyoingiza uso, hata nusu kidevu, iliandikwa daftarini "mbovu", na kila Ijumaa Bi Shingo alikaa na kompyuta yake akafuta mbovu zote za wiki.

"Leo Ijumaa," Kitinda alizoea kuwatania wenzake. "Dada anachinja."

Filamu ya mwisho ilikuwa hiyo ya *Godoro*. Miezi minne baada ya kuipiga, Kitinda alifariki kwa uvimbe kwenye uti wa mgongo. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Siku iliyofuata ule usiku wa ukumbini, Bi Shingo alikwenda kwa mama yake, ambako shemeji yake na mtoto walikuwa wanakaa tangu msiba. Alimkuta mama anakunja nguo na mtoto yuko chini ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zungumza na mwenzio huko chini. Hataki kutoka."

Bi Shingo alipiga magoti, goti lake bovu likalia. Mtoto alikuwa ameshika picha ya kadi ya kazi ya mama yake, ile ya kitambulisho, uso umekazwa na macho yametolewa kwa ajili ya mwanga wa kamera.

"Hivi ndivyo alivyokuwa?" mtoto akauliza.

"Hapo alikuwa amekaza uso tu. Si ziko nyingine? Za harusi zile za ukutani?"

"Zimesimama. Mimi nataka akiwa anafanya kitu." Akainamisha kichwa. "Nimeanza kusahau meno yake yamekaaje."

Za simu zilikuwepo, tena mamia, lakini simu ya marehemu ilikuwa na namba ya siri aliyokufa nayo, na fundi aliyejaribu kuifungua alifuta vyote. Shemeji alikuwa mtu wa kupiga simu na kupokea; kwenye yake hamkuwa na kitu ila picha za risiti na vifaa vya gari. Naye alikuwa amehamishwa kikazi, mji wa mbali. Wangeondoka Jumamosi.

"Nitakutafutia," Bi Shingo alisema. "Kabla hamjaondoka nitakuletea mama yako anafanya kitu, na uso wake wote, na meno."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mtoto akatoka chini ya meza. Alipokwenda nje, bibi yake hakuinua macho kutoka kwenye nguo.

"Usimwahidi mtoto kitu usichokuwa nacho."

"Mama, nina masaa zaidi ya elfu ya Kitinda ndani."

"Ya miguu," mama akasema, na kukunja soksi.

Bi Shingo aliondoka na kisirani. Mama yake alikuwa hajawahi kuipenda kazi hiyo, ndivyo alivyojiambia njiani. Katika chumba chake cha kazi zilikuwepo diski kumi na tisa kwenye maboksi ya viatu, kila moja na utepe wa jina na mwaka. Alianza na ya kwanza Jumatatu asubuhi, akipeleka picha mbio, madirisha yako wazi na chai iko mezani. Alikuwa na hakika. Katika miaka yote hiyo, hata kwa bahati mbaya tu, uso lazima uliponyoka mahali.

Haukuponyoka. Alikuwa amefanya kazi safi, na usafi wenyewe sasa ulimkata maini. Alikuta mikono ya Kitinda ikikamua, mabega yake yakiinua vitanda, visigino vyake kwenye ngazi, goti lenye kovu la baiskeli, tumbo la ujauzito alilocheza nalo mpaka mwezi wa saba katika filamu ya kupiga pasi. Alikuta karatasi nyeupe. Alikuta karatasi nyeupe mara mia mbili na kumi na mbili, vidole kumi vimeishika pembeni, nywele zimechungulia juu, na kila mara karatasi ilipoanza kushuka, picha iliisha. Yeye ndiye aliyekuwa akizima. Jumanne alilia kwa hasira. Jumatano hakulia, alitazama tu, na ile chai ikawa inaganda utando juu.

Alhamisi mchana ilibaki diski moja, ya *Godoro*, na hiyo alikuwa anaiogopa. Hakuwa ameifungua tangu alipomaliza kuunganisha filamu, na wiki ile ya mwisho ya kupiga haikuwa na Ijumaa ya kuchinja, kwa sababu Alhamisi yake Kitinda alianguka bafuni. Kwa hiyo mbovu zote zilikuwa bado zimo.

Shoti ya saba, ngazi za jengo la ghorofa nne. Daftari lilisema: "Mbovu. Godoro limegonga stendi." Aliibonyeza.

Bi Shingo hakuwa anarekodi sauti, muziki aliuweka baadaye. Picha ilikwenda kimya. Mgongo wa fulana ya kijivu unapanda, umepinda, na mchezaji mwenzake nyuma yake anashikilia ncha ya godoro. Mwenzake anateleza. Godoro linakuja lote mbele, picha inayumba, inatazama ukuta, halafu inatulia, lenzi imeelekea juu. Katikati ya fremu, kwenye kidato cha ngazi, ameketi Kitinda, na uso wake wote upo.

Bi Shingo alipiga ukelele, peke yake mle chumbani.

Kitinda hakujua kwamba kamera bado inafanya kazi. Dada yake alikuwa ameshuka kwenda kumfokea yule aliyeteleza, na yeye akaachwa peke yake na jicho la mashine. Alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Ngumi yake ya kulia ilikuwa nyuma, kiunoni, anaisukumia kwenye mfupa kwa nguvu mpaka mkono unatetemeka. Alifumba macho, akafumbua, akatazama dari akipumua kwa mdomo, fuu, fuu, kama mwanamke anayejifungua. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Iliendelea hivyo sekunde ishirini na nane, na mtu mwenye macho asingehitaji daktari kumwambia kitu.

Halafu alisikia hatua. Ngumi ikatoka kiunoni, mkono ukafuta jasho, na Kitinda akatabasamu, meno yote nje na ule mwanya wa juu, akimtazama mtu anayekuja. Mdomo ukasema maneno mawili. Bi Shingo hakuhitaji sauti. "Niko sawa."

Sekunde tisa za tabasamu. Kisha mkono ukaingia kutoka pembeni, wenye pete ya fedha na saa ya kamba nyeusi, ukaishika lenzi, na kuishusha hadi shingoni.

Alikumbuka yote sasa, neno kwa neno. Kabla ya shoti hiyo Kitinda alikuwa ameuliza, "Dada, tupumzike kidogo?" Naye akajibu, na furaha kabisa, "Mgongo leo unasema, Kitinda! Usinyooke. Hivyo hivyo." Walipiga shoti nyingine tano. Ni mgongo ule uliosifiwa magazetini. Kuna mwandishi aliyesema hajawahi kuona mgongo unaoomba namna ile, na Bi Shingo alikikata kipande hicho cha gazeti akakibandika ukutani. Kilikuwa bado kipo. Alikitazama, akaenda kukibandua, kucha zikavunjika kwenye gundi.

Ijumaa alikaa kwenye kompyuta, na akafanya kazi aliyoijua kuliko zote. Alikata. Alizitoa zile sekunde ishirini na nane za mwanzo, akautoa mkono wa mwisho, akabaki na tabasamu tupu, sekunde tisa, akaliweka kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia chenye kamba ya kuvaa shingoni. Alijiambia mtoto hastahili kubebeshwa yale mengine. Mimi sitamsema vibaya kwa hilo. Lakini ukweli mtupu ni kwamba hata yeye hakutaka kuyaona tena.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa mlangoni. Nyumba ilikuwa inatoa mwangwi, maboksi yamefungwa kamba. Bi Shingo aliweka kompyuta juu ya boksi moja, mtoto akaketi juu ya sanduku mbele yake, bibi akasimama nyuma, shemeji akaegemea mlango na funguo mkononi.

Akabonyeza. Kitinda akatabasamu.

"Mama!" mtoto akasema, na kugusa kioo. Bibi alikwenda kando ukutani, akaufunika uso kwa khanga. Shemeji alitazama lori.

Waliirudia mara tano. Bi Shingo alikuwa ameanza kupumua, moyo unamwambia walau hili amelifanya, walau hili. Mara ya sita mtoto akakunja uso.

"Hapa mgongo unamuuma."

"Hapana mwanangu. Hapa anacheka, si unaona meno?"

"Ni kucheka kwa mgongo. Akicheka kweli anafumba macho. Hapa hayafumbi." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mgeni mahali vikombe vinapokaa. "Akicheka hivi mimi nilikuwa napanda namkanyaga kanyaga hapa, mpaka ananiambia basi."

"Nani alikuambia unamuuma?"

"Hakuna. Si nilikuwa namwangalia."

Bi Shingo alimgeukia shemeji yake. Sauti ilimtoka ndogo. "Mlijua?"

"Tulijua unamuuma, shemeji. Kuna nini ndani, hatukujua." Funguo zililia mkononi mwake. "Alisema usiambiwe mpaka filamu iishe, eti utaisimamisha. Na mimi nikadhani... wewe ndiye unayemtazama kutwa nzima. Nikadhani utakuwa umeona."

Hakusema kwa ubaya, na ingekuwa nafuu angesema kwa ubaya.

"Kabla ya hapa alikuwa anafanya nini?" mtoto akauliza.

Bi Shingo angeweza kusema hakuna. Alimtazama mtoto usoni, kwa muda, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba ana mwanya uleule. Akafungua kipande kizima.

Mtoto alikitazama bila kupepesa. Alimwona mama yake anang'ata mdomo, alimwona anasukuma ngumi mfupani, na akaitikia kwa kichwa polepole, kwamba ndiyo, ndivyo, ndiye huyo. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa unafanya fuu, fuu. Tabasamu likaja. Mkono ukaingia, uso ukaondoka, ikabaki shingo na fulana ya kijivu.

"Mkono wa nani huo?"

"Wangu."

"Unafanya nini?"

"Unaiondoa kamera usoni kwake."

"Kwa nini?"

Swali hilo alikuwa ameshalijibu kwenye majukwaa mengi, mbele ya vipaza sauti, mbele ya watu wanaoandika kila anachosema. Alifungua mdomo, na katika majibu yote yale hakuona hata moja ambalo angeweza kumwambia mtoto huyu aliyeketi juu ya sanduku.

"Sijui," alisema, na machozi yakamshuka mpaka shingoni. "Sikumwangalia, mwanangu. Nilikuwa naye kila siku, na sikumwangalia."

Nje dereva alipiga honi. Mtoto alisogea kwenye sanduku, akamwachia Mama Mkubwa nafasi ya kukaa, akarudisha picha mwanzo. Walitazama pamoja. Akarudisha tena, na safari hii alikuwa ameshaishika hesabu. Aliweka kidole tayari, akangoja, na pete ya fedha ilipoanza tu kuchomoza pembeni mwa fremu, akabonyeza. Picha ikasimama na uso wote ndani.

"Hapo," alisema. "Usimguse."